Maswali Tisa Kila Jumanne

Katika senta ya Nyabera, Bonde la Lambwe, hakuna mtu aliyepokea simu nyingi kama Elkanah, na karibu zote hazikuwa zake. Kibanda chake kilikuwa nusu kinyozi, nusu chaji. Upande mmoja kulikuwa na kiti, kioo na mashine ya kunyolea. Upande wa pili kulikuwa na ubao mrefu uliojaa nyaya, na juu yake simu thelathini, arobaini, za watu wa ndani bondeni ambako stima haijafika, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Siku ya soko, Jumanne, watu waliziacha asubuhi na kuzichukua jioni wakirudi makwao.

Sasa, simu hata ikiwa kwenye chaji huita. Wenye chaji wengine huziacha zilie mpaka zichoke zenyewe. Elkanah hakuweza. Mama yake alimlea akimwambia kwamba mtu akibisha hodi huitikiwa, awe nani, na yeye hakuona tofauti ya simu na hodi. Kwa hiyo alipokea zote. "Halo, mwenyewe ako sokoni, simu iko chaji. Nimwambie nini?" Alijua ng'ombe wa nani kapatikana Ndhiwa na mtoto wa nani kafukuzwa shule Migori. Wakati mmoja alipokea posa kwa niaba ya binti wa watu, akauliza tarehe, akauliza na idadi ya wageni, na jioni akamkabidhi binti ujumbe wake pamoja na simu iliyojaa chaji. Ndoa hiyo mpaka leo ipo.

Ndivyo alivyoipokea na simu ya Susana.

Susana alikuwa mwenyeji wa Kehancha aliyeolewa hapa bondeni, na ndiyo sababu kila mtu alimwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Mumewe alipofariki mwaka uliopita, mama huyo alilia kama watu wote, akazika, akashukuru waliokuja, kisha akaingia ndani akalala. Miezi minne alilala tu, mchana na usiku, shamba likajaa magugu na kuku wakahamia kwa jirani. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema Wakuria ndivyo walivyo, jambo ambalo hawakuthubutu kulisema mbele ya Mkuria yeyote. Mwishowe jirani zake walimkokota hadi zahanati, na pale Roseline, daktari mwenye sauti ndogo na pikipiki kubwa, akamwambia ugonjwa wake una jina, unaitwa sonona, na una tiba. Akampa vidonge vya miezi miwili. Akamwandikisha pia katika huduma ya simu: kila wiki mtambo ungempigia na kumuuliza maswali tisa kuhusu hali yake, naye angejibu kwa kubonyeza namba.

"Nikuwekee siku gani na saa ngapi, Mama Mirumbe?" Roseline aliuliza.

"Jumanne saa nne," Susana alijibu. "Siku ya soko nakuwa nimekaa chini, nina nafasi."

Roseline akaandika Jumanne saa nne. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba siku ya soko, saa nne, simu ya Susana huwa imelala kwenye ubao wa Elkanah.

Jumanne ya kwanza simu ya Susana, kabambe ndogo ya vitufe, ililia, Elkanah akaipokea, akaanza maneno yake ya kila siku. Mama wa ndani ya simu hakumsikiliza. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyekaa mahali pasipo na fujo, na alisema tu: bonyeza moja ili kuendelea. Elkanah akabonyeza moja. Nia yake ilikuwa kuchukua ujumbe amfikishie mwenyewe, basi.

"Katika wiki mbili zilizopita," sauti ikauliza, "ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Kama hapana kabisa, bonyeza sufuri. Siku kadhaa, bonyeza moja. Zaidi ya nusu ya siku hizo, bonyeza mbili. Karibu kila siku, bonyeza tatu."

Elkanah alisimama na simu sikioni. Nje watu walikuwa wakipigania bei ya mihogo. Ndani ya kibanda hapakuwa na mteja. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuokota kitu kisicho chake, akabonyeza tatu.

Inafaa niseme wazi kilichokuwa kikimsumbua, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Elkanah hakuwa amefiwa. Hakuwa ameachwa wala hakuwa ameugua mwili. Laiti angefiwa! Watu wangekuja na sukari, wangemshika mkono, wangemwambia pole. Lakini yeye tangu mvua za mwaka uliopita alikuwa ameamka siku moja akakuta dunia haina ladha, na siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Usingizi ulimpaa. Samaki aliokuwa akipikiwa na mkewe Emmaculate, samaki wa maana, wa nyanya na nazi ya dukani, aliwala nusu na kusema ameshiba. Kwaya ya kanisa, ambako alikuwa sauti ya nne kwa miaka kumi na mitano, aliiacha kwa kisingizio kwamba koo linamuuma. Koo gani linauma miezi minane? Barnabas, kiongozi wa kwaya, alimletea tangawizi mpaka akachoka. Na Elkanah aliona aibu. Mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana kazi, anasikitikia nini? Aibu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Na sasa mtu alikuwa amemuuliza. Maswali yote tisa aliyajibu, na yote aliyajibu kwa hali yake mwenyewe. La tisa liliuliza ni mara ngapi amewaza kwamba ni heri angekufa au kujidhuru. Hilo alibonyeza sufuri, na ilikuwa kweli. Baada ya hapo sauti ikamshukuru, ikampa kazi ya wiki: achague jambo dogo alilokuwa akilifurahia zamani, alifanye dakika kumi, hata kama hana hamu.

Mtu mwingine angecheka. Elkanah alifanya kazi aliyopewa. Jumatano alasiri alifunga kibanda, akatembea mpaka kwenye seng'enge ya Mbuga ya Ruma, mahali alipopenda kwenda akiwa kijana, akasimama kutazama twiga. Twiga mmoja naye akamtazama. Walitazamana dakika kumi kamili, Elkanah akiangalia saa, kisha kila mmoja akaenda zake. Usiku huo alilala saa nne mfululizo.

Basi akaanza kuzingoja Jumanne. Alijua ni makosa, na kila jioni ya soko alipomkabidhi Susana simu yake alikwepa kumtazama. Ila kila alipotaka kusema, aliona swali litakalofuata: na wewe, shemeji, ulikuwa unajibu nini? Hilo asingeliweza.

Susana kwa upande wake alikuwa anapona, na anapona kwelikweli. Vidonge vilimkubali, majirani walikuwa wamemsaidia kupalilia, kuku wakarudishwa, ingawa mmoja hakurudi na kila mtu alijua aliliwa na nani. Wiki ya tatu alisimama mlangoni pa kibanda, kikapu kichwani, akilalamika.

"Shemeji, hii simu yangu ni nzima kweli? Daktari alisema kuna mashine itanipigia. Mpaka leo sijasikia kitu. Ama wamenisahau?"

"Pengine ni network," Elkanah alisema, akijifanya anafuta kioo.

"Network ya Lambwe! Si hata ng'ombe ingelalamika." Akacheka, akaenda zake. Ni kicheko ambacho bonde halikuwa limekisikia mwaka mzima. Elkanah alifurahi kwa ajili yake, kisha akajichukia kwa uongo aliomwambia.

Wiki ya sita mambo yaliharibika. Jumamosi kulikuwa na harusi, kwaya ikaimba, Elkanah akakaa viti vya nyuma na kusikiliza ile sauti ya nne ikiimbwa na mtu mwingine, tena vizuri. Hakuna aliyegeuka kumtafuta. Jumanne asubuhi alipokuwa akichomeka simu za watu, wazo lilimjia, taratibu, bila kishindo: kama nisingekuwepo, simu hizi zingechajiwa tu, na mtu mwingine angezipokea. Lilimtisha kwa sababu halikumtisha. Saa nne kabambe ikalia. Alipofika swali la tisa, kidole kikasimama juu ya sufuri, kikahama, kikabonyeza moja.

Sauti ikasema, kwa upole uleule: "Asante kwa kutuambia. Hauko peke yako. Mhudumu wa afya atakufikia leo."

Elkanah aliishusha simu akaitazama. Atakufikia leo. Atamfikia nani? Jina lililoandikwa kule zahanati ni la Susana.

Saa mbili zilizofuata alizipitisha akiomba pikipiki ya Roseline ikose mafuta. Haikukosa. Saa sita alikuwa na Barnabas kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado, Roseline alipotokea mlangoni akiwa amemshika Susana mkono.

"Elkanah, samahani," Roseline alisema. "Nahitaji mahali pa kuongea na huyu mama kwa siri, na sokoni kumejaa. Mtupishe dakika chache tu."

Wanaume wawili wakatoka, Barnabas na taulo lake shingoni na kichwa chake cha pande mbili. Walisimama nyuma ya kibanda kwenye kivuli. Ukuta ulikuwa wa mabati, na mabati hayajui siri.

"Mama Mirumbe, usiogope," sauti ya Roseline ilisikika. "Tangu wiki ya kwanza majibu yako yanaonyesha hali ni mbaya. Leo yamezidi. Na swali la tisa, lile la kufa, umejibu ndiyo."

"Swali gani, daktari? Mimi hakuna mtu ameniuliza kitu."

"Umebonyeza leo saa nne."

"Saa nne nilikuwa nauza mihogo! Uliza soko yote."

"Wengi huona aibu, mama. Si kosa lako. Gari iko njiani, tutaenda Homa Bay leo, daktari mkubwa akuone. Huenda dawa ikaongezwa."

"Iongezwe ya nini? Mimi nimepona. Alhamisi naenda Kehancha kuona mama yangu, tangu nizike sijamuona, leso yake nimeshanunua." Sauti ya Susana ikaanza kukatika. "Daktari, nilipokuwa mgonjwa mliniamini. Sasa nimekuwa mzima, mbona hamniamini?"

Huko nyuma ya mabati Barnabas alifungua mdomo akataka kuuliza jambo. Elkanah hakuwepo tena. Miguu yake ilikuwa imeshaondoka, na kama ingemuuliza kwanza, angeikataza. Alikuwa akiwaza vitu viwili tu: kwamba mama wa watu atapewa dawa isiyo yake, na kwamba Barnabas ndiye mdomo mpana kuliko yote kutoka hapa hadi ziwani. Aliingia hivyo hivyo.

"Daktari, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hayo majibu. Ni mimi nimekuwa nikibonyeza. Simu yake huwa hapa kwa chaji, na mimi hupokea simu za watu."

Roseline alisimama. Sauti ndogo ikawa kubwa. "Elkanah! Unacheza na simu ya mgonjwa? Ningempa huyu mama dawa mara mbili!"

"Sikuwa nacheza."

"Ulikuwa unabahatisha hali yake?"

"Hapana. Nilijibu ya kwangu."

Simu mbili zikaita kwenye ubao, na kwa mara ya kwanza tangu afungue biashara hakuzipokea.

Susana ndiye aliyetangulia kusema, na hakuwa na huruma. "Shemeji! Wiki sita! Mimi nangoja hiyo simu nikidhani nimetupwa, na wewe unaniambia network!"

"Nyar Kuria, nisamehe."

"Wiki sita!" alirudia. Halafu akakumbuka jambo, na hasira ikamtoka usoni. "Maswali yote ulijibu?"

"Yote."

"Na hiyo ya tisa?"

Elkanah alitazama nywele za Barnabas zilizotapakaa sakafuni. "Hiyo ni leo tu."

Susana akamshika mkono wa shati, akamvuta mpaka kwenye kiti cha kunyolea, akamkalisha. "Kaa hapo," alisema. "Mimi naijua hiyo kitu. Daktari, muulize huyu. Muulize kwa mdomo, si kwa mashine."

Roseline alimuuliza. Yote tisa, taratibu, na la tisa akalifungua vipande vipande: limekuja lini, amewaza kufanya nini, ana chochote cha kujidhuru. Elkanah alisema hana mpango wowote na hataki kufa. Ni lile wazo tu, kwamba hata asipokuwepo hakuna kitakachopungua. Alipolisema kwa sauti alishangaa kuona machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Alieleza habari za koo lisilouma. Alieleza hata habari za twiga.

"Hiyo ya twiga ilikusaidia?" Roseline aliuliza.

"Kidogo."

"Basi kidogo hicho ni chako, hukumuibia mtu." Akashusha pumzi. "Na sisi tumekosa. Fomu ina namba ya simu, ina siku, ina saa. Hakuna mahali inapouliza simu yenyewe inachajiwa wapi." Akatoa simu yake, akapiga kuzuia gari, kisha akafungua ukurasa mpya wa fomu. Alimwambia atampa miadi kesho asubuhi zahanati, watazungumzia dawa, na simu ya Jumanne itaendelea kumpigia, safari hii kwa jina lake. Susana naye angeulizwa upya, peke yake, kisha aende zake Kehancha kwa amani.

Kichwa cha pande mbili kilichungulia mlangoni. Barnabas alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na kitu kizito. "Mimi nilikuletea tangawizi," alisema. "Miezi minane, tangawizi! Yawa, kwa nini hukuniambia?" Elkanah akainuka ammalizie kichwa, Barnabas akamrudisha kwa kiganja. "Malizana na daktari kwanza. Hii nywele haiendi mahali." Akarudi nje, akakaa kwenye jiwe, na kila aliyekikaribia kibanda alimwambia kumefungwa, bila kueleza sababu.

"Kimebaki kitu kimoja," Roseline alisema. "Jina la mtu wa karibu. Swali la tisa likijibiwa hivi tena, lazima kuwe na mtu wa nyumbani wa kumpigia."

"Weka yangu," Susana alisema.

"Wewe utakuwa Kehancha. Nataka mtu mnayelala nyumba moja. Lakini ni hiari yako, Elkanah."

Kuwaambia hawa watatu kulikuwa kugumu, lakini kumekwisha. Emmaculate alikuwa jambo jingine. Atauliza amemkosea nini, na yeye hatakuwa na jibu, kwa sababu hakukuwa na kosa. Mwishowe akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akampigia.

Emmaculate alikuwa posho mili akisaga unga, hatua mia mbili kutoka pale. Alikuja mbio, unga umemjaa mikononi hadi kwenye viwiko, akamkuta mumewe kwenye kiti cha wateja, macho mekundu, daktari upande mmoja na Nyar Kuria upande wa pili. Akashika mlango.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Elkanah alisema. "Emma, mimi ni mgonjwa. Sina kidonda. Ni ndani, tangu mwaka jana. Sisikii raha ya kitu chochote. Hata chakula chako. Hata wewe, wakati mwingine nakuangalia na sisikii kitu, na najua nakupenda. Daktari anasema ina dawa."

Alikuwa ameyasema vibaya, alijua, yamemtoka kichwa chini miguu juu. Alingoja aulizwe amekosewa nini. Emmaculate hakuuliza. Aliteleza akakaa kwenye mkeka wa mlangoni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, unga ukimpaka mashavu.

"Baba Odhiambo," alisema, "mwaka mzima mimi nilidhani umenichoka. Jumapili nimemwambia dada yangu Migori anitandikie kitanda. Nilikuwa nangoja tu watoto wafunge shule."

Elkanah alimtazama. Hakujua hata kidogo. Alishuka kwenye kiti, akakaa naye pale chini mlangoni, na hakuna aliyewaharakisha.

Baadaye Emmaculate aliinua uso. "Daktari, hiyo namba unayotaka ni ya nini?" Akaelezwa. Akamshika mumewe bega, akaitaja namba yake polepole, tarakimu moja moja, na Roseline alipomaliza kuandika, Emmaculate akamwambia asome tena asikie kama iko sawa.